Mapigo ya Tone juu ya Chuma cha Moto

Mpishi wa chapati, kabla hajatia mafuta, huchovya ncha za vidole katika bakuli la maji, akakirushia chuma chake kilichokaa juu ya makaa, kisha akatega sikio. Chuma kikiwa hakijashika moto, maji hutanda na kutulia, yakakauka polepole kama yanavyokauka sakafuni. Kikiwa kimeshika moto wa kadiri, maji hulia kwa ukali mara moja, yakapanda mvuke, yakatoweka kabla mtu hajafumba na kufumbua. Lakini ikiwa mpishi alighafilika, akaitwa mlangoni na jirani, akarudi na kukuta chuma kimepita kiasi, basi atakayoyaona ni kinyume cha matarajio ya akili: maji hayalii, hayatandi wala hayakauki. Hujikusanya yakawa shanga za fedha, zikateleza huku na huku mithili ya ushanga uliokatika uzi, zikigongana, zikiungana, zikiponyoka ukingoni, na zile zinazobaki zikiendelea kukimbia kwa muda ambao mtu angeweza kuisoma Fatiha kwa utulivu na kuimaliza.

Ajabu hii ni ya kale kama urafiki wa moto na chuma, na hakuna taifa linaloweza kudai kuwa ni yake. Walakini tarikh yake iliyoandikwa ina miji yake na watu wake, na katika kuifuatilia nimeshangazwa zaidi na jambo moja kuliko mengine yote: wengi wa wale walioisogeza mbele elimu hii walikuwa watu wa tiba. Alikuwako tabibu wa Leiden, akafuata tabibu wa Duisburg, kisha mwuza dawa wa Évreux, na baada yao mtu wa mji mdogo wa Helena, katika milima ya Marekani, ambaye leo jina lake hutajwa kila siku katika vyumba vya wagonjwa wa moyo. Sidhani kuwa hiyo ni sadfa tupu. Tone lililobebwa na mvuke wake lina mapigo, na mapigo huwaita wale ambao kazi yao ni kuyahesabu.

Asili ya jambo lenyewe, kwa kadiri inavyoeleweka leo, si ngumu kuieleza. Maji huchemka katika nyuzi 100 za Sentigredi. Chuma kikizidi kidogo kiwango hicho, maji hukigusa, yakachemka kwa fujo, yakaisha. Lakini chuma kikikaribia nyuzi 200, na kiwango hicho hupanda au kushuka kwa kufuata ulaini na usafi wa chuma chenyewe, tumbo la tone hugeuka mvuke kwa haraka hata mvuke huo usiwahi kutoka wote, nao ukalibeba tone kama mto unavyobeba kichwa cha aliyelala. Unene wa mto huo ni yapata sehemu ya kumi ya milimita, sawa na unene wa karatasi. Na kwa kuwa mvuke haupitishi joto kwa wepesi, tone hulala salama juu ya adui yake, likitengwa naye na pumzi yake lenyewe. Tone la milimita chache juu ya chuma cha namna hiyo laweza kuishi zaidi ya dakika nzima, ilhali tone lililo sawa nalo, likiangukia chuma chenye moto mdogo zaidi, hufa kabla ya sekunde moja kutimia.

Miongoni mwa wa mwanzo waliolitia jambo hili katika maandishi ya elimu ni Herman Boerhaave, mwalimu wa tiba wa Leiden katika Uholanzi, ambaye wanafunzi walimwendea kutoka pande zote za Ulaya. Katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1732 alieleza kwamba alimimina spiriti juu ya chuma cha moto akitazamia kuiona ikiwaka, nayo haikuwaka: ilijiviringa ikawa matone yanayometa kama zebaki, yakakimbia juu ya chuma. Boerhaave alilitaja akapita. Aliyesimama akalitazama ni mwingine.

Johann Gottlob Leidenfrost alizaliwa mwaka 1715 katika kijiji cha Rosperwenda, nchi ya Ujerumani, mwana wa mhubiri, na kwa desturi ya nyumba kama ile alianza kusoma elimu ya dini; kisha akaiacha akafuata tiba, na mwaka 1743 akawekwa kuwa mwalimu wa fani hiyo katika chuo kikuu cha Duisburg, mji ulio kando ya mto Rhine. Huko alifundisha, akatibu wagonjwa, akazeeka, na huko akafariki mwaka 1794. Chuo chenyewe kilifungwa mwaka 1818, na pengine jina la mwalimu wake lingefungwa pamoja nacho kama asingaliandika, mwaka 1756, kitabu kidogo kwa Kilatini ambacho jina lake kwa lugha yetu ni Risala juu ya Baadhi ya Sifa za Maji ya Kawaida. Angalia unyenyekevu wa jina hilo. Wakati ambapo wenzake walikuwa wakitafuta siri za umeme na za nyota, yeye aliona kwamba maji ya kawaida, yale yanayonywewa na ng'ombe, hayajatazamwa ipasavyo.

Chombo chake kilikuwa kijiko cha chuma. Alikisugua kikaondoka kutu, akakiweka juu ya makaa hata kikaiva kwa moto, kisha akadondosha ndani yake tone moja la maji yaliyokenekwa. Tone halikulowesha kijiko. Lilijikunja, likasimama kama tufe la kioo, likazunguka mahali pake. Mtu mwingine angaliita jirani aje kutazama, wakastaajabu pamoja, basi. Leidenfrost aliweka pendula, yaani uzani uliotundikwa kwa uzi ukaachwa ubembee, akahesabu. Tone la kwanza liliishi zaidi ya nusu dakika. Akadondosha la pili katika kijiko kilekile, ambacho sasa kilikuwa kimepoa kidogo, nalo likaisha katika sekunde 9 au 10. La tatu halikumaliza ila sekunde chache. Hapo ndipo ajabu ilipovaa nguo ya hesabu: moto ulivyopungua ndivyo maji yalivyowahi kukauka.

Hesabu hiyo naiona kuwa ni tendo la tabibu kabla ya kuwa tendo la mwanafizikia, na nina sababu. Kuuhesabu mshipa kwa saa hakukuwa jambo la zamani sana katika Ulaya ya siku zile. Ibn Sina, katika Qanuni yake, alikuwa ameyagawa mapigo ya mshipa kwa namna zake, makubwa na madogo, ya haraka na ya polepole, yenye mpango na yasiyo na mpango, na mahakimu wa Mashariki na Magharibi walimfuata kwa karne nyingi. Lakini vidole vya hakimu ndivyo vilivyokuwa kipimo. Santorio wa Italia, mwanzoni mwa karne ya 17, ndiye aliyetumia pendula kupimia mshipa, akiufupisha na kuurefusha uzi hata mbembeo ulingane na mpigo. Kisha mwaka 1707 Mwingereza John Floyer akatoa kitabu juu ya saa ya tabibu, saa aliyoitengenezesha iende dakika moja kamili na kusimama, apate kuhesabu mapigo ndani ya dakika hiyo. Kwa hiyo katika zama za Leidenfrost pendula na tiba walikuwa wamekwisha kuwa jamaa. Tabibu aliyekiinamia kijiko chake cha moto alikuwa amekaa kama akaavyo kando ya kitanda, akingoja, akihesabu, na kuandika saa ya kukata roho.

Katika kueleza sababu alikosea, na kosa lake lina faida kulisimulia. Tone lilipokuwa dogo sana, asema, lilipasuka kwa mlio ambao sikio lilisikia wazi, na katika kijiko pakabaki chembe ya vumbi. Leidenfrost aliishika chembe hiyo akaitolea hukumu: moto umeyageuza maji kuwa udongo. Wazo hilo lilikuwa na wazee wengi nyuma yake, wala haikuwa aibu kwa mtu wa karne ile kuliamini. Lilihukumiwa na Antoine Lavoisier wa Paris, aliyeyachemsha maji katika chombo cha kioo kilichozibwa kwa siku 101 mfululizo, tangu mwaka 1768 hata 1769, kisha akavipima kimoja kimoja, chombo, maji na vumbi lililopatikana, akaona kuwa vumbi limetoka katika kioo chenyewe, kwani kioo kilipungua uzito. Maji yalibaki maji. Lakini mlio ule katika kijiko haukuelezwa na Lavoisier wala na mtu mwingine kwa muda mrefu sana, nami nitaurudia.

Kijiko cha Duisburg kinanikumbusha kijiko kingine. Mabedui wa Sinai na wa Jordan walikuwa na kiapo waitacho bisha'a: mshitakiwa asiye na shahidi wa kumtetea hupelekwa kwa mzee mwenye mamlaka hayo, kijiko kikubwa cha chuma kikatiwa motoni hata kikaiva, na mshitakiwa akakilamba mara tatu mbele ya watu. Ulimi ukitoka salama, ameshinda, ukibabuka, ameshindwa. Katika pwani yetu Wamijikenda walikuwa na kiapo cha shoka la moto, lililopitishwa juu ya kiganja. Sisemi kwamba viapo hivyo vilikuwa mchezo, wala sisemi kwamba sheria ya mvuke ndiyo iliyokuwa kadhi wa haki. Watu wengi wasio na hatia waliungua. Lakini wenye elimu wamekwisha kueleza kwamba ulimi uliolowa mate, ukigusa chuma chenye moto mkali kwa muda mfupi, hupata ngao ya mvuke, na ulimi uliokauka kwa hofu hauipati. Mzee wa kiapo aliyatazama mate ya mshitakiwa bila ya kujua kwamba alikuwa akitazama jambo ambalo Leidenfrost aliliandikia risala.

Na mhunzi naye analijua jambo hili kwa mkono wake. Achomoapo panga jekundu katika makaa na kulizamisha majini, kwa kitambo cha kwanza maji hukaa kimya kuliko inavyotarajiwa, kwa maana chuma kimejivika shuka la mvuke na maji hayakifikii. Kisha shuka huchanika, ndipo maji huvuma na kutokota, na chuma kikapoa ghafula. Shuka likichanika upande mmoja na kubaki upande wa pili, chuma hupoa kwa upendeleo, kikapinda au kikapata ufa. Ndiyo maana fundi aliyefundwa na fundi hakizamishi chuma akakiacha kitulie. Hukitikisa majini, hukikoroga, hukipeleka na kukirudisha, na ukimwuliza sababu atakwambia kwamba ndivyo alivyoonyeshwa.

Karne ya 19 ilipofika, karne ya boila za meli na za viwanda, ajabu ya kijiko ikawa jambo la hofu. Ilisemwa kwamba boila ikipungukiwa na maji na mabamba yake yakaiva, maji yanayoingia huenda yakakaa juu ya mvuke bila ya kuchemka, na mabamba yakipoa kidogo maji yote yakaanguka juu yake kwa pamoja, yakageuka mvuke kwa mara moja na kuipasua boila. Aliyeshikilia neno hilo kwa juhudi zote ni Pierre Hippolyte Boutigny, mwuza dawa wa mji wa Évreux katika Normandy, Ufaransa. Boutigny alilipenda tone kwa mapenzi yasiyo na kiasi. Mwaka 1842 alichapisha kitabu akidai kwamba tone la namna hii si maji, si mvuke wala si barafu, bali ni hali ya nne ya vitu vyote, akaiita hali ya tufe. Dai hilo halikusimama. Lakini mtu asimcheke, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali kuliko nadharia yake, na mikono yake ilifanya mambo ambayo hakuna aliyeyafanya kabla yake.

Mwaka 1845, katika mkutano wa wanazuoni wa Uingereza uliofanyika Cambridge, aliweka mbele yao chungu kidogo kilichoiva kwa moto hata kikawa chekundu. Ndani yake akamimina gesi ya kiberiti iliyogandamizwa ikawa maji, kitu ambacho huchemka katika nyuzi 10 chini ya sifuri. Kitu hicho, kwa kubebwa na mvuke wake, kilikaa ndani ya chungu chekundu bila kupata joto kupita kiwango chake cha kuchemka, yaani kilibaki baridi kuliko barafu. Akadondosha maji ndani yake. Kisha akakipindua chungu, na katika kiganja kikaanguka kipande cha barafu kilichotoka tanurini. Baadaye Michael Faraday wa London alikwenda mbele zaidi kwa njia hiyohiyo akagandisha zebaki ndani ya chungu chekundu. Najaribu kuwaza nyuso za watu waliokuwa wameketi safu ya mbele siku ile ya Cambridge, na kila nikiwaza najisikia ningetoa kitu kikubwa niwe miongoni mwao.

Bado palibaki shaka ya msingi: je, ni kweli kwamba tone haligusi chuma? John Tyndall, katika mihadhara yake ya London juu ya joto iliyochapishwa mwaka 1863, aliikata shaka hiyo mbele ya umma. Aliweka taa yenye nuru kali nyuma ya tone, na waliotazama kutoka upande wa pili wakauona mstari wa nuru ukipita kati ya tumbo la tone na uso wa chuma, mwembamba na mnyoofu kama nuru ipitayo chini ya mlango uliofungwa.

Hata hapa nilipofika nimesema habari za tone lililotulia, na tone halitulii. Naomba nisimulie niliyoyaona kwa macho yangu. Nililiweka juu ya moto kaango la chuma zito, lenye tumbo kidogo ili maji yasinikimbie, nikaliacha mpaka maji ya kurushia vidole yakawa shanga. Kisha, kwa kijiko cha chai, nikamimina maji kiasi cha upana wa sarafu. Mwanzo yalitangatanga. Halafu yakashika mahali pa chini, na ukingo wake, uliokuwa duara, ukaanza kutetema hata ukawa kama una ukungu. Jicho halikuweza kuufuata. Lakini nilipokuwa nimeinama, kitambo kimoja jicho likapata kulishika umbo: palikuwa na pembe nne, kisha pembe zikawa mabonde na mabonde yakawa pembe, zikibadilishana zamu kwa haraka ya ajabu, na kwa kuwa hubadilishana hivyo ndipo mtazamaji huona pembe nane zilizofifia, kama nyota iliyochorwa kwa chaki na kufutwa nusu. Maji yakapungua, nyota ikavunjika, tone likahangaika kidogo bila mpango, kisha likajipanga tena, na safari hii pembe zilikuwa tatu. Nilisimama pale mpaka kaango lilipotaka kuharibika.

Sheria ya mitetemo ya tone ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 1879 na Lord Rayleigh wa Uingereza, na inahusu tone lolote, hata la mvua. Uso wa maji una mvutano unaoyakusanya kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ukilisukuma tone likatoka katika umbo lake, mvutano hulirudisha, uzito wa maji ukalipitisha upande wa pili, mvutano ukalirudisha tena. Tone likiwa kubwa zaidi hupiga polepole zaidi, na kwa kiasi kinachojulikana: likipanuliwa mara nne, mpigo wake hupungua mara nane. Kwa tone lililotandaa kama lile la kaango langu, lenye upana wa sentimita 2 na pembe nne, hesabu ya jamaa ya sheria hiyo hutoa yapata mapigo 10 kwa sekunde, na kwa hiyo si ajabu kwamba jicho halikuyaweza. Lakini Rayleigh alieleza jinsi tone linavyotetema likisukumwa. Nani alisukumaye tone la kaangoni, lililowekwa kwa upole, likaachwa, na ambalo badala ya kutulia huzidisha mtetemo wake?

Hapo ndipo anapoingia mtu wa Helena. Norman Jefferis Holter alizaliwa mwaka 1914 katika mji huo wa jimbo la Montana. Alisoma fizikia na kemia, akafanya kazi na jeshi la majini la Marekani, na mwaka 1946 alikuwa katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, miongoni mwa waliopima mawimbi yaliyoinuliwa na majaribio ya bomu la atomiki. Alipotoka huko alirudi kwao na mwaka 1947 akaanzisha maabara yake mwenyewe, mbali na vyuo vikuu na miji mikubwa. Nia yake kubwa ilikuwa kuupata moyo wa mtu anapotembea, anapofanya kazi, anapokasirika, kwa sababu moyo uliopimwa kitandani huficha mengi. Chombo chake cha kwanza kilibebwa mgongoni kama shehena ya mpagazi, na uzito wake ulikuwa kilo 38. Yeye mwenyewe alijitwika, akapanda baiskeli isiyokwenda, akapiga pedali, huku mapigo ya moyo wake yakirushwa kwa redio. Alikipunguza mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1961 alipotoa makala yake mashuhuri katika jarida la Science kilikuwa chombo cha kuvaliwa na mtu akaenda zake. Leo, katika hospitali za miji yetu, mgonjwa ambaye moyo wake huruka mapigo huambiwa avae Holter usiku na mchana, naye hudhani kuwa Holter ni jina la mashine.

Mtu huyohuyo, pamoja na mwenzake Wilford Glasscock, alichapisha mwaka 1952 katika jarida la Marekani la elimu ya sauti makala juu ya mitetemo ya matone ya majimaji yanayogeuka mvuke. Niliposoma majina mawili hayo chini ya kichwa kile nilifikiri mwanzoni kwamba ni Holter mwingine. Ndiye. Katika miaka ileile alipokuwa akihangaika na kishindo cha moyo, alikuwa akiinamia matone juu ya chuma cha moto na kuchunguza namna yanavyopiga. Wanaoandika maisha yake hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja au hulipita, nami naona wanamdhulumu. Moyo ni kiowevu ndani ya mfuko unaojikaza na kujilegeza bila kuamrishwa na mtu, na tone la kaangoni ni kiowevu kinachojikaza na kujilegeza bila ya mfuko. Mtu aliyetaka kujua jinsi kitu kinavyoweza kupiga chenyewe, kwa nguvu yake chenyewe, hakutoka nje ya njia yake alipoliendea tone.

Jibu la swali la msukumaji lilikomaa katika chuo kikuu cha Emory, mjini Atlanta, ambako Xiaoyu Ma, Juan-José Liétor-Santos na Justin Burton walitoa taarifa yao mwaka 2017. Walitumia vyuma vilivyochimbwa kidogo katikati, kama lile tumbo la kaango, matone yasipate kukimbia, wakajaribu maji na viowevu vingine kadhaa, wakaona nyota zenye pembe 2 hata 13. Walichogundua baharia angekielewa upesi kuliko mtu wa bara. Mvuke unaotoka chini ya tone hauna nafasi ila ule unene wa karatasi. Kwa hiyo hutoka kwa kasi, na katika kutoka hulikwaruza tumbo la tone, kama kaskazi inavyoukwaruza uso wa bahari, ukainua mawimbi. Urefu wa mawimbi hayo haufuati ukubwa wa tone wala ukali wa moto. Hufuata tabia ya kiowevu chenyewe, yaani mvutano wake na uzito wake. Mawimbi yakipita, mto wa mvuke hubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, na tone likapandishwa na kushushwa juu yake.

Bado lakini mwendo wa juu na chini si mwendo wa pembe zinazotoka na kuingia pembeni, na hapa pana kipande cha habari nikipendacho kuliko vyote. Walipoupima mto wa mvuke, wale watafiti waliona kwamba wenyewe unapiga mara mbili kila tone linapopiga mara moja. Mtazame mtoto aliyesimama juu ya pembea siku ya Idi. Hakuna anayemsukuma, wala mguu wake haufiki chini. Huchuchumaa na kusimama, huchuchumaa na kusimama, mara mbili katika kila mzunguko wa pembea, na kwa kufanya hivyo tu pembea hupanda juu hata mama yake akapiga kelele. Mwendo wa mtoto ni wa juu na chini, na mwendo wa pembea ni wa kwenda na kurudi, na mmoja huulisha mwingine kwa sharti kwamba uwe mara mbili yake. Ndivyo mvuke unavyolilisha tone. Na ndiyo sababu nyota huvunjika na kujipanga upya tone linapopungua: pembe nne hazitoshei tena katika ukingo uliofupika, nalo huhangaika mpaka lipate idadi inayolingana na mpigo wa mvuke.

Kumebaki ule mlio. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba tone likiwa dogo mno, la chini sana ya milimita, mvuke wake humshinda bwana wake, na badala ya kulibeba hulirusha; tone huinuka kutoka kwenye chuma, likapanda hewani likizidi kudogoka, likaisha huko juu pasipo sauti. Kisha mwaka 2019 kundi jingine, na miongoni mwao Detlef Lohse wa chuo kikuu cha Twente katika Uholanzi, lilionyesha kwamba si matone yote yafikiayo mwisho huo mwema. Hakuna kiowevu kisicho na chembe za uchafu. Tone lililoanza likiwa kubwa hubeba chembe nyingi, na kadiri maji yanavyoondoka zenyewe hubaki, zikasongamana usoni mwake kama watu katika mtumbwi unaozama, hata zikaufunika uso wote. Mvuke ukakosa mahali pa kutokea, mto uliolibeba ukapungua nguvu, tone likashuka, likakigusa chuma, likapasuka kwa mlio.

Maji ya Leidenfrost yalikuwa yamekenekwa, na tone lake lilikuwa kubwa la kutosha kuishi zaidi ya nusu dakika. Aliusikia mlio, akainama, akaiona chembe, akaichukulia kuwa ni maji yaliyogeuka udongo. Yamkini ni uchafu uliokuwamo tangu mwanzo, mdogo usioonekana kwa macho, ulioletwa pamoja na tone na kukusanywa nalo mpaka mwisho wake, ukabaki peke yake katika kijiko huku pendula ikibembea.